Mwiba wa Jumamosi

Mama Maiti aliusoma ukurasa wa gazeti mbele ya darasa zima, kwa sauti, akicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Ukurasa wenyewe ulikuwa unamtukana yeye.

"'Bibi huyu,'" akasoma, "'huua watu kwa kisu, kwa sumu na kwa kamba. Wasomaji huwaua kwa usingizi.'" Akafuta machozi. "Jamani, huyu mtu ana kipaji!"

Wanafunzi walicheka kwa woga. Mwiba alikuwa mhakiki ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na kila Jumamosi alimchana mtu. Mama Maiti alikuwa ametunga riwaya za upelelezi tangu ujana wake, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya vitabu hivyo. Hakuwa na kitabu hata kimoja kilichosalimika kwa Mwiba. Kila uchambuzi aliukata na kuubandika ukutani, katika sebule hiyohiyo alimofundishia waandishi chipukizi. Ukuta ulijaa matusi, naye alipita mbele yake kifua mbele.

Mmoja tu hakucheka. Mfamasia, mwanafunzi wake wa siku nyingi, alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Riwaya yake ya kwanza ilikuwa imetoka juzijuzi, na Mwiba aliimalizia chini ya ukurasa uleule: "Katika kitabu hiki mwenye uhai ni maiti peke yake." Asubuhi mumewe alikuwa amelificha gazeti chini ya godoro, lakini duka la dawa lina wateja, na wateja wana midomo.

"Nimekuja kuaga, Mama," alisema. "Nitauza dawa zangu. Siandiki tena."

Mwanafunzi mmoja akajaribu kumfariji. "Dada, mti wenye matunda ndio hupigwa mawe."

"Matunda gani? Watu wanakuja kununua panadoli, wananiuliza maiti yangu inaendeleaje!"

Mama Maiti akavua miwani. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Amesema mjane wako analia ukurasa mzima bila kamasi. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Amemtaja muuaji?"

"Hapana."

"Hamtaji kamwe. Anatuvua nguo zote, lakini siri ya kitabu anatuachia. Na muuza vitabu wako anasemaje?"

"Vimeisha. Watu wanataka kuuona huo ubaya kwa macho yao."

"Basi nisikilize, mwanangu. Nilipoanza kazi hii hakuna gazeti lililotutaja, hata kwa ubaya. Wasomi walisema vitabu vyetu ni vya kufungia karanga. Miaka nenda, miaka rudi, kimya. Mwandishi hauawi na maneno, anauawa na kimya. Mimi nilikataa kufa. Na wewe hufi katika sebule yangu."

"Kwa hiyo nimshukuru?"

"Mchukie! Mchukie sawasawa. Halafu kaa chini uandike kitabu ambacho akikishika atakosa pa kung'ata."

Mfamasia alitoka na hasira zake, amewakasirikia Mwiba na Mama Maiti wote wawili. Lakini aliandika. Aliandika nyuma ya kaunta, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Katika kitabu cha pili alimpa mjane kamasi, tena za kutosha. Kila sura aliisoma kwa macho ya Mwiba, akaichana yeye kabla ya kuchaniwa.

Darasa la kila Jumamosi alilirudia pia, na ugonjwa huo akaja nao. Ufa wowote katika hadithi ya mwenzake aliuona, akausema bila kupaka mafuta, mpaka baadhi wakaanza kukwepa kusoma akiwapo. Siku moja alimwambia Mama Maiti mwenyewe kwamba mpelelezi wake siku hizi anakunywa chai kuliko anavyopeleleza. Mama Maiti akamtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka kuliko siku zote.

Riwaya ya pili ilipotoka, mfamasia alivaa vizuri, akaitia kwapani, akaenda ofisi za gazeti. Hakwenda kuomba huruma. Alitaka kumkabidhi Mwiba kitabu mkono kwa mkono na kumwambia: chana, kama unaweza.

Mhariri, mwanamume wa makamo aliyekunja mikono ya shati, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye mfamasia?"

"Ni mimi. Namtaka Mwiba, na siondoki hapa mpaka nimwone."

"Basi utakaa sana, dada." Akamsogezea kiti. "Mwiba amestaafu jana. Anasema amejitukana vya kutosha, sasa anataka kutukanwa na mtu mwingine anayejua kusoma."

Akasukuma mezani riwaya mpya ya Mama Maiti, bado inanukia wino.

"Anza na hii. Amesema usimhurumie."