Matairi ya Mchangani

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mume wa Keneilwe alichuchumaa kando ya gari, akijaza matairi upepo. Mbele yao kulikuwa na mchanga mzito wa Savuti, huko Botswana, ambao haupitiki bila kupunguza upepo huo. Kwa safari kumi na tisa, mumewe ndiye aliyepunguza upepo.

"Unajaza, mzee?" Keneilwe aliuliza.

"Fundi wa chai, rudi kwenye birika lako. Matairi niachie."

Mshale wa kipimo ulizidi kupanda. Kisha vidole vyake vikatulia juu ya pampu.

"Mama," alisema polepole, "tunaingia mchangani au tunatoka?"

"Tunaingia."

Keneilwe alipunguza upepo wa matairi yote manne, akanyoosha kiganja. Mumewe aliweka ufunguo wa gari humo, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi.