Ngiri na Ruhusa ya Chooni

Wanyama walipokuwa wakibangua korosho kwenye banda la Tembo, msimamizi wao alikuwa Ngiri, mpenda kuchungulia mambo ya wenzake. Aliweka sheria: anayetaka kwenda chooni apande juu ya gunia, ataje ugonjwa wake mbele ya wote, ndipo apate ruhusa.

Asubuhi moja Pimbi, mchapakazi mpole, aliinua mkono.

"Bosi, naomba kutoka."

"Panda guniani. Unaumwa nini?"

"Hayo nimemweleza daktari."

"Basi kaa hapo na haja yako."

Pimbi akakaa, akabangua huku machozi yakimlengalenga.

Mchana Tembo akaja kukagua kazi. Ngiri alikuwa akitafuna korosho mbichi za Tembo kwa siri tangu alfajiri, na sasa tumbo likaanza kumsokota.

"Mzee, natoka mara moja."

Kanga, asiyejua kunyamaza, akadakia, "Bosi, gunia hili hapa. Panda useme unaumwa nini."

"Kumbe ndiyo sheria yenu?" akauliza Tembo. "Haya, panda."

Ngiri akatazama gunia, akatazama korosho, jasho likamtiririka.

"Mpisheni," akasema Pimbi. "Tumbo ni lake."

Ngiri akachomoka mbio, mkia juu! Banda zima likalipuka kwa vifijo, na Tembo akaifuta sheria papo hapo. Pimbi akainuka, akatoka bila kumwomba mtu.

Mpaka leo ngiri hukimbia mkia juu. Ukikutana naye mpishe njia, wala usimuulize anaumwa nini.