Haki Tuliyoipumzisha

Kila Januari kila nyumba ilitakiwa kupumzisha haki moja ya kikatiba kwa mwaka mzima, na kwa Mama Sekela, kule Tukuyu, siku ya kuchagua ilikuwa ya vicheko na maandazi. Mwaka uliopita walipumzisha haki ya kukusanyika. Mlango wao ukawa unahesabu wageni na kumgomea wa sita, hata kicheni pati ya kumfunda binti yao Sekela kabla ya ndoa ikaahirishwa.

"Safari hii tutoe isiyotuuma," alisema mumewe, akisoma orodha iliyowaka ukutani. "Haki ya kuihoji serikali. Wewe uliihoji lini?"

"Mimi nakuhoji wewe tu, Baba Sekela, na hunijibu!"

Wakacheka, wakabonyeza.

Jumamosi mashoga zake Mama Sekela wakaja kwa ile kicheni pati na vitenge vya sare, vigelegele vikiwatangulia. Mlango uliwaingiza watano, ukajifunga. Mama Tumwifike akabaki nje na sufuria ya pilau kichwani, na wenzake kumi nyuma yake.

Mama Sekela akapiga simu ofisi ya haki. "Haloo, mwaka si umekwisha? Mbona haki yetu ya kukusanyika haijarudi?"

"Pole, mama," sauti tamu ikamjibu. "Hilo ni swali, na maswali mmeyapumzisha."

Basi pilau ikapitishwa dirishani sahani kwa sahani, nyimbo zikaimbwa pande zote mbili za mlango. Katikati ya vigelegele Sekela akamnong'oneza mama yake.

"Mama, kwani mwaka juzi tulipumzisha ipi? Nayo ilirudi?"

Mama Sekela akaacha kucheza.