Kanga ya Mwisho

Ufadhili wa chuo kikuu ulikuwa wa mtu mmoja kwa kila shule, yule aliyeongoza kwa alama. Mapacha wawili waliomba udaktari wa mifugo, akachukuliwa Mwasiti. Salhina alipoambiwa alisema, “Haya,” akaendelea kuchambua mchele.

Asubuhi ya safari, kina mama wa mtaa walitandika kanga zao mchangani, kutoka mlangoni hadi garini, ili msomi apite juu yake kwa vigelegele. Mwishoni pakabaki nafasi ya kanga moja.

“Tandika na yako, Salhina,” alisema shangazi yao.

Akaivua ile aliyojitanda, akaitandika, akainyoosha pembe zake taratibu. Moyoni hamkuwa na wivu wala furaha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Mwasiti alipoifikia alisimama.

“Salhina, yako siwezi kuikanyaga.”

“Pita. Dereva anangoja.”

Mwasiti akavua viatu vyake vipya, akapita peku. Mchanga ulikuwa laini, na nyayo zake zikabonyea katika kitambaa.

Gari lilipoondoka, kina mama waliokota kanga zao, wakazikung'uta, wakajifunga.

“Okota yako, mwanangu,” shangazi alimwambia.

Salhina aliinama, kisha akaiacha. Akavua ndala. Akaweka mguu mmoja kwenye unyayo wa pacha wake, halafu wa pili. Zilimwenea sawasawa. Akabaki amesimama hapo, uso umeelekea barabarani, huku nyuma yake wakimwita akaoshe masufuria.