Kisigino cha Tarwin

"Bibi, chagua sasa hivi," daktari aliniambia mlangoni pa chumba cha upasuaji. "Bandama imepasuka, nyonga imevunjika, mguu umesagika. Nikihangaika kuuokoa mguu, damu itamwishia mezani."

Mjukuu wangu Tarwin alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, akigema tembo tamu la kupikia sukari.

Niliushika ule mguu. Kisigino kilikuwa kigumu kama kifuu, kwa miaka ya kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye minazi.

"Kata, mwanangu," nikasema.

Baadaye niliuosha mwenyewe mguu uliokatwa, nikauvika sanda. "Chimba pembeni," nilimwambia mchimba kaburi. "Mwenyewe bado ana safari."

Tarwin alipozinduka, kitu cha kwanza alichonong'ona kilikuwa, "Bibi, kisigino kinaniwasha. Nikune."

Tangu utoto wake, mazito yote tumeambiana kwa mafumbo.

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi naye! Hata hospitali? Haya, tega."

"Kimetangulia kaburini, mwenyewe bado anakunywa uji."

Akacheka kidogo. Kisha akatazama shuka, pale lilipolala bapa, na kicheko kikakatika.

"Nani alikubali?"

"Mimi."

Akageuza uso ukutani. Uji ukapoa kwenye bakuli. Nikapeleka mkono pale pale palipokuwa patupu, nikaanza kulikuna shuka.

Nilikuna muda mrefu.

"Juu kidogo, Bibi," akasema.