Kadi ya Kufuta

Mkwe aligusa kadi, na mwanamke aliyekuwa akilia kwenye redio akafutika.

Ndivyo sheria inavyosema. Katika mchezo huu wa kusimulia safari za angani, hadithi ikimchoma mtu, anaweka kidole juu ya kadi nyeusi iliyo katikati ya meza. Tukio linafutwa, wote wanaendelea kana kwamba halikutokea, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini.

"Basi redioni hapakuwa na sauti," alisema Mama, ambaye ndiye aliyekuwa msimulizi. "Chombo kinaendelea na safari yake."

"Aa, mama! Utamu ndiyo kwanza ulikuwa unaanza," kinyozi akalalamika.

"Mwache mwenzio. Anaumia."

Walikuwa wanne kwenye meza ya kukatia vitambaa, Jumapili alasiri, cherehani imefunikwa shuka. Mama ni fundi wa kushona. Kulia kwake alikaa kaka yake, fundi mwashi mzito wa maneno, na kushoto kinyozi wa jirani, ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Mbele yake alikaa mkwe, aliyebaki peke yake tangu mkewe aondoke.

Huyo mke ndiye binti wa pekee wa Mama. Kwa maelezo ya mkwe, waligombana kidogo tu, alfajiri binti akafunga begi akaenda zake, na simu akaizima. Polisi walimsikiliza Mama kwa adabu, kisha wakamwambia mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka. Mama hakuwa na ugomvi na haki. Alitaka kujua mwanawe yuko wapi, basi. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita, na nguo za wateja akaanza kuzikata ovyo.

Mchezo wa safari za angani ulikuwa wa binti, na yeye ndiye aliyewafundisha wote. Mama alikitoa kisanduku chake uvunguni, akamwita mkwe awe anakuja kila Jumapili asije akafa kwa upweke. Mtaa ukamsifu. Wengine walinong'ona kwamba uchungu umeanza kumla akili, na hawakukosea sana, maana katika kila hadithi yake alikuwemo fundi mitambo wa kike aliyepotea. Binti ndiye aliyezoea kuicheza nafasi hiyo. Duniani Mama alikuwa amekwama, sasa alimtafuta angani.

Mchezo wenyewe una uzuri wake. Hauna ramani wala hesabu za kuumiza kichwa, na dadu hurushwa pale tu mambo yanapokaza. Mtu anasema mhusika wake anafanya nini, na kweli jambo hilo linafanyika. Ubaya ni kwamba kila mtu akiruhusiwa kusema, kinyozi hanyamazi. Halafu kuna hiyo kadi. Imewahi kuwaokoa watu na machozi, lakini imeua hadithi nyingi nzuri.

"Mimi ni askari wa chombo," kinyozi alisema, akizungusha dadu kiganjani. "Nina bunduki tangu tuanze na sijapiga hata nzi. Vita lini?"

"Leo hakuna vita," Mama alijibu. "Leo hewa inavuja mahali fulani. Rubani, pita chumba kwa chumba, utafute panapovuja."

Rubani alikuwa mkwe. Alijiweka sawa kitini, akaonekana amepata nafuu. Kazi ya kutafuta tundu haimlizi mtu.

Mama alikunja mikono mapajani. Moyoni aliomba leo kadi isiguswe tena.

"Unaingia chumba cha mbele. Kuna viti, na zulia limekunjwa pembeni."

"Nakagua chini ya zulia," alisema mkwe. "Hakuna kitu."

"Jikoni. Dirisha moja, dogo."

"Limefungwa vizuri."

"Chumba cha kulala. Kabati ambalo mlango wake haufungi."

"Kabati la nguo angani?" kinyozi akadakia. "Mama!"

"Wewe ulitaka watembee uchi?"

Wote walicheka, hata mkwe. Alisema amefungua kabati na ni nguo tu. Mama alishusha pumzi.

"Unatoka uani."

"Sasa hapo umetuonea," kinyozi alisema. "Chombo gani cha angani kina uani?"

"Chombo ni changu, nakijenga nitakavyo. Rubani, unatoka. Kuna mahali pa kufulia, pakavu."

"Napita," mkwe alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Kuna tangi la maji."

"Halivuji."

"Unazunguka nyuma yake. Sakafu ya hapo imezibwa upya, rangi yake haijafanana na..."

Mkwe aligusa kadi.

Kinyozi alipiga meza kwa hasira hadi dadu zikaruka. Mkwe alikuwa akiangalia kidole chake mwenyewe kama vile si yeye aliyekipeleka pale.

"Tumefuta," Mama alisema. "Nyuma ya tangi hapakuwa na kitu. Hewa imeacha kuvuja yenyewe, na sote tumefika salama. Tuishie hapo."

"Ndio mwisho gani huo?" kinyozi alisema, akainuka kwenda kufungua kibanda chake.

Mkwe naye aliaga. Mama alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu tena Jumapili, baba."

"Ahsante, mama. Usichoke nami."

Alimtazama hadi alipopinda kona. Kisha akafunga mlango, akauegemea. Kaka yake aliacha kuokota dadu, akamwangalia.

"Kaka," alisema, "kesho akishaenda kazini, beba sururu twende kwake. Mwanangu yuko nyuma ya tangi."