Makala ya Mwisho Kufunguliwa

Profesa alijifungia chooni saa nne kasorobo, na Mkutubi Mkuu akavuta kiti akaketi nje ya mlango. Alikuwa na bahasha, kalamu na subira. Watafiti waliopita kwenye korido walijifanya wanasoma matangazo ukutani ili wasipitwe na uhondo, maana wawili hao walikuwa mtu na mkewe.

Kisa kilikuwa sera. Taasisi ya taifa ya utafiti ilikuwa imeamua kwamba kinachotafitiwa kwa fedha za umma kisomwe na umma bure. Kila makala iwekwe kwenye hazina ya mtandaoni, pamoja na data zake zote, hata mwanafunzi wa darasa la tano aweze kuifungua. Sera hiyo aliiandika Mkutubi mwenyewe. Kifungu cha data alikipigania miezi mitatu mpaka kikapita, na tangu hapo, kwa miaka sita, hakumwacha mtu apumue. Aliwakamata watafiti kwenye ngazi, kwenye maegesho, kwenye foleni ya chai, na maneno yake yalikuwa yaleyale: "Leta makala. Nimekupa siku saba." Vijana wa maabara walikuwa wakimwiga mpaka kikohozi.

Kufikia wiki ya uzinduzi, makala mia mbili na kumi na tatu zilikuwa zimeingia. Ilibaki moja tu, nayo ilikuwa ya mumewe.

Wenye midomo wakapata la kusema. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema; sheria ya bibi yule inaishia kwenye kizingiti cha nyumba yake. Mkurugenzi alimwita akamweleza, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba makala hiyo isipoingia kabla ya Ijumaa, hazina itakabidhiwa kitengo cha kompyuta. Kazi ya miaka sita iende kwa watu ambao kitabu kwao ni cha kuinulia skrini! Mkutubi alilia kidogo, akajifuta, akaenda kuvuta kile kiti.

Kilichomchosha ni kwamba makala yenyewe haikuwa ya aibu. Mwaka jana tu ilikuwa imempatia Profesa nishani ng'ambo. Ila jarida lililoichapisha liliuza kila ukurasa kwa bei ya kuruka, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuisoma. Kilichojulikana ni kichwa chake tu, "Sauti za Usingizini: Uchunguzi wa Miaka Tisa," na kwa kuwa Profesa alikuwa bingwa wa sauti za viboko, nani angeuliza zaidi? Mkutubi aliipangusa nishani ile kila Jumamosi. Aliona hata yeye ana mkono wake humo. Kila mwaka mumewe alimletea fomu za utafiti wakati wa chai ya asubuhi, naye alizisaini huku akitafuta funguo za gari. Kinasa sauti nacho alikiruhusu kikae juu ya kabati la chumbani, maana ofisini, aliambiwa, kuna wezi.

Mlango wa choo ukafunguka kidogo.

"Mama watoto," Profesa alinong'ona, "makala chukua. Data niachie."

"Hapa kazini mimi si mama watoto, Profesa. Sera inasema na data."

"Basi zisikilize kwanza. Ukiwa peke yako."

"Umesikiliza wewe miaka tisa, inatosha."

Profesa alimtazama kwa muda, kama mtu anayemuaga msafiri. Kisha akatoa flashi mfukoni, akampa.

Mkutubi alipakia kila kitu adhuhuri ileile, moyo mweupe. Nafasi ya kusikiliza hakuwa nayo. Kulikuwa na mialiko, viti, maua, na fundi wa vipaza sauti aliyekuwa hapokei simu.

Siku ya Ijumaa ukumbi ulijaa pomoni. Mkurugenzi alimsifu mama asiyemwonea haya hata wa ubavuni mwake, watu wakapiga makofi, na wale wenye midomo wakapiga kuliko wote. Mkutubi alimtafuta mumewe kwa macho. Alimwona kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, begi mapajani, jasho likimtiririka. Akamwonea huruma. Kwa wiki nzima alikuwa amemwandama mwenzake kama mwizi wa kuku.

Ratiba ilisema waonyeshe makala ya ugonjwa wa mahindi. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mkutubi alifungua makala ya mumewe kwenye skrini kubwa, akaeleza kuwa hii ndiyo iliyopata nishani, kisha akamwomba waziri, aliyekuwa mgeni rasmi, achague sauti yoyote na kuibonyeza kwa kidole chake, ili ashuhudie kwamba sasa hakuna kilichofungwa.

Waziri akabonyeza.

Vipaza sauti vilitetemeka. Mkoromo mzito ulipanda taratibu, ukakwama juu, ukashuka na mluzi mwembamba, ukaanza upya. Waziri alimwinamia Mkurugenzi akamuuliza kama huyo ni dume, na Mkurugenzi akajibu bila shaka ni dume, tena mzee, si chini ya tani mbili. Mkutubi aliitikia kwa kichwa, kwa fahari. Huko nyuma mlango ulifunguka, ukafungwa polepole, na kile kiti cha mwisho kikabaki kitupu.

Kiboko akakoroma mara moja zaidi, akameza mate, akakohoa, kisha akasema waziwazi, kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani alishawahi kuikimbia kwenye ngazi: "Leta makala. Nimekupa siku saba."